Alhamdu ya Mzee Likwata

Ninyi mnaofundisha watoto herufi, na ninyi mnaojifunza lugha za watu huku mkijichukia kila mnapofungua mdomo, leo nasema nanyi juu ya sikio. Pwani yote, toka Kivinje mpaka Lindi, waliniita Fundi Ulimi, lakini jina hilo lilikosea kiungo. Ulimi hutumwa tu. Anayeutuma ni sikio, na sikio lenyewe sijaona anayelituma. Enzi ya Mwingereza niliishi kwa kunyoosha matamshi ya watu, na nilichoondoka nacho ni hicho kimoja, nacho hakifurahishi. Mkitaka mzee wa kuwaambia kwamba bidii hushinda kila kitu, wako wengi, nendeni kwao.

Shule ya serikali niliiacha darasa la tatu. Sikufukuzwa. Miguu yangu ndiyo iliyokataa kukaa chini ya dawati. Nimekata katani, nimebeba chumvi, nimempikia Mgiriki mmoja aliyelia kila akinusa kitunguu kikikaangwa, kwa kumkumbuka mama yake. Niliwahi kuvuka mpaka Songo Songo kwa sababu tu mtu alinidokeza kwamba wavuvi wa huko huvuta maneno kwa namna yao. Nikakaa nao nikisikiliza, mpaka wakaanza kunong'onezana kwamba nimetumwa na Bwana DC. Hiyo ndiyo elimu yangu: kukaa karibu na watu wanaosema, na kujiuliza kwa nini huyu anasema hivi na yule vile.

Aliyeigeuza tabia hiyo kuwa kazi ni Maalim Athmani, mwalimu wa chuo cha Kurani pale Kivinje. Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye katani, mikono imechanika, nikakaa kwenye baraza yake kukimbia jua. Nikaona jambo ambalo sikulielewa. Maalim alikuwa hasikii. Uzee ulimziba masikio yote mawili, hata wakati wa sala aliutambua kwa kuona watu wakielekea birikani. Lakini watoto walisoma mbele yake, naye akawasahihisha. Alimwekea mtoto vidole viwili kooni, chini kidogo ya taya, akatulia kama mtu anayepima homa, kisha akasema, "Hiyo he. Mimi nataka ha."

Kwa wasiosoma chuoni, nieleze. Katika Kurani kuna he nyepesi, ile tunayoitumia kila siku tukisema hapa na huku, na kuna ha ya kooni, ile iliyomo ndani ya Alhamdu, sura ya kwanza tunayoisoma katika kila sala. Mwarabu akizisikia ni mbali kama jiwe na pamba. Iko pia aini, ambayo hubanwa kooni pale pale, kama mtu aliyemeza tonge kubwa la ugali naye ni mgeni, hataki waone. Ha nilizoea kuwafundisha watu wazima kwa uji: umeungua mdomo, unatoa moto kwa pumzi, unaogopa kupiga kelele. Wengine huipata hapo hapo. Wengine hubaki na uji.

Maalim alinifundisha kupapasa koo, na alinifundisha jambo kubwa zaidi. Mtu akikosea, usikimbilie mdomo wake. Simama nyuma yake asione midomo yako, zitamke herufi mbili moja moja, mwambie akutajie ni ipi. Akizitenganisha, kasoro iko kwenye ulimi, na ulimi utachoka siku moja utakubali. Asipozitenganisha, basi kwake hizo si herufi mbili. Ni moja, na wewe unamwomba afungue mlango ambao kwake ni ukuta.

Nilimuuliza yule wa ukuta afanywe nini. Nilipaza sauti mpaka wapita njia wakageuka. Maalim alisikia kidogo, akatabasamu.

"Usimpige kwa kosa la sikio," alisema. "Mpige kwa uvivu, kama utaweza kuutambua. Hutautambua."

Niliondoka kwake nikaanza kuzunguka. Lindi nilimpata Bwana Shamba mmoja, Mwingereza, aliyetakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili cha mdomo. Ngeli alizijua kuliko mimi, na akiandika barua ungedhani ameiandika karani wa liwali. Lakini akisema, mpishi wake alisimama ubavuni na kuyarudia maneno yake yale yale, Kiswahili kwa Kiswahili, ndipo wakulima wakaitikia. Nilimfanyia ule mtihani wa kusimama nyuma. Alikisia. Mchana ule ule nilimfanyia sista mmoja wa misheni aliyekuja hospitali ya Lindi na wagonjwa, nao ulikuwa mchezo kwake. Alikuwa hata hajui maana ya nusu ya maneno yetu, lakini akiyatamka, wauza samaki waligeuka kumtafuta mwenzao. Alijifunza hata matusi yao kwa lafudhi safi kabisa, tukalazimika kumwomba ayaache.

Sista yule alipiga kinanda kanisani. Basi mimi, kwa werevu wangu wa darasa la tatu, nikajitungia kanuni: mwenye sikio la ngoma ana sikio la lugha. Niliibeba kanuni hiyo kama hirizi. Niliitumia kuchagua wanafunzi, na nikawa nafika kijijini na kuuliza kwanza nani anapiga nini. Nikaipeleka mpaka vijiji vya chini ya nyanda za juu za Rondo, na huko ndiko ilikovunjika.

Mzee Bakari Likwata alikuwa Mmwera, mkulima wa mtama na mihogo, na fundi wa ngoma za jando. Vijiji vya pande zile vyote vilimletea ngoma kuzikaza. Aliwasha moto wa majani, akaigeuza ngozi, akaigonga kwa kidole kimoja, akasikiliza, akaigeuza tena kidogo, mahali ambapo mimi niliona ameshamaliza zamani. Ngoma ikiwa imepasuka ndani aliijua kabla hajaigusa, kwa jinsi ilivyojibu kikohozi cha mtu. Nilijaribu kumdanganya kwa vyungu, kwa chupa zenye maji, kwa majembe mawili ya duka moja. Hakukosea hata mara moja. Nikashangilia moyoni, nikasema huyu atasoma kama Waarabu wa Hadhramaut.

Alikuwa amesilimu ujanani, akajenga msikiti wa udongo kwa mikono yake na ya jamaa zake, na ndiye aliyesalisha watu humo miaka yote. Hakuna aliyekuwa na neno. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Kilwa, aliyepita akinunua nta, akasali nyuma yake magharibi. Imamu akatoa salamu, watu wakaanza kuomba dua, yule mgeni akainuka, akasogea pembeni, akaisali sala ile upya peke yake. Hakumtukana mtu. Alirudia tu, maana ha ya imamu ilikuwa imetoka he. Watu wote wakamwona.

Tangu siku hiyo Mzee Likwata hakulala vizuri, na ndipo aliponiita. Alinipa nyumba ya uani, na chakula cha kwao: ugali wa mtama, kunde, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha wakati wa njaa. Nilipompa shikamoo ya kwanza aliitikia marahaba haraka, kama mtu mwenye kazi moto jikoni, akasema, "Mwalimu, mimi nimezoea kupinda ngozi. Nipinde."

Tulisoma kila siku baada ya alasiri, barazani. Nyuma ya ukuta mkewe, Bi Asumini, alikuwa akitwanga mtama. Mzee alianza Alhamdu, na ha ikatoka he, na aini ya rabbil-aalamina ikatoka a tupu kama ya mtoto anayelia. Nilimpa uji. Nilimpa tonge. Nilimwekea vidole vyangu kooni, nikamwekea vyake kwenye koo langu. Alitoka jasho. Baada ya siku chache nilianza kusikia jambo la nyuma ya ukuta. Mchi ulikuwa unakwenda vizuri, du, du, du, Mzee akifika kwenye Alhamdu, mchi unasimama. Akiendelea mbele, unarudi. Akifika kwenye aini, unasimama tena. Yule mama hakuwahi kufundishwa. Herufi hizo mbili zilimwingia kupitia ukuta wa udongo huku akitwanga.

Mzee aliielewa maana yake kabla yangu. "Twanga, mama," alimwambia kwa sauti, "tunataka kula."

"Nitatwanga ukisoma," alijibu mkewe.

"Mimi nasoma."

"Basi na mimi natwanga."

Walicheka wote wawili siku hiyo, mmoja huku na mmoja kule. Baadaye hawakucheka tena, lakini mchi haukuacha kusimama. Nadhani asingeweza kuuzuia. Mkono wake ulisikiliza.

Nilifanya ule mtihani wa Maalim. Nikasimama nyuma ya Mzee nikatamka ha, nikatamka he, nikachanganya. Alifunga macho kama afanyavyo kwenye ngozi. Alijibu kwa makini sana, na majibu yake yalikuwa ya mtu anayerusha karata. Nikadhani amechoka. Kesho yake asubuhi nikarudia, ikawa vile vile. Akanigeukia akaniuliza kwa upole kama kweli nilikuwa natamka vitu viwili, au ni njia ya walimu ya kupima uvumilivu wa mwanafunzi. Kanuni yangu ya ngoma nikaizika hapo. Mpaka leo sijui kwa nini sikio linalotofautisha majembe mawili ya duka moja lisisikie jiwe na pamba.

Alikuwako mpwa wake, Hamisi, mtoto wa dada yake, ambaye kwa desturi ya Wamwera ndiye mrithi. Huyu alirudi kutoka katani na kipaji kimoja: kuiga. Aliiga msimamizi, aliiga lori likigoma kuwaka asubuhi ya baridi, aliiga jogoo mpaka majogoo wakajibu. Alikuja barazani kutucheka, akakaa mchana mmoja, akasoma Alhamdu nzima, ha ikiwa ha na aini ikiwa aini. Hakujua kwamba amefanya jambo. Msikitini alikuwa haendi ila kwa kusukumwa.

"Mjomba," alisema, "si unakohoa kidogo tu?"

"Wewe kohoa," Mzee alimwambia. "Mimi nasoma."

Wengine wa kijiji nao walikuja. Nilifundisha wanaume wote waliotaka, shambani, msikitini, kwenye kuvuna korosho. Niliona kila namna ya sikio ambayo Mungu ameiumba. Wako walioipata wiki ya kwanza wakaipoteza ya pili. Alikuwako ndugu yake Mzee, tumbo moja, aliyekuwa mvivu kweli, alilala nikisoma, na ha yake ilikuwa safi kama ya msomi. Mzee alimtazama ndugu huyo kwa macho ambayo sikupenda kuyaona. Yeye mwenyewe aliamka kabla ya jogoo na kusoma mpaka sauti ikakauka.

Mara moja tu aliipata. Tulikuwa porini tunachimba ming'oko, jua limetuua. Alivuta mzizi mrefu, ukatoka mzima, akaanguka kitako, akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi." Nikatupa jembe. Ilikuwa ha ya kooni, kamili, yenye joto, hata Maalim angeibusu. Nilimwambia aseme tena, akasema tena, ikatoka tena. Nikamwambia, "Mzee, ndiyo hiyo." Akanitazama kwa hofu.

"Nimesemaje?" akauliza.

Akajaribu, ikatoka he. Akajaribu kuanguka kitako tena. Tulishinda pale mpaka jua likapoa, akichimba, akivuta, akianguka, mtu mzima mwenye mvi, na haikurudi. Na jambo lililonikata ni kwamba ilipotoka hakuisikia kuwa tofauti. Ilipita mdomoni mwake kama mgeni anayepita uani bila kubisha hodi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa kuwa yote yanafika hapa. Kijiji kilitaka Ijumaa yake. Msikiti wa Ijumaa ulikuwa mbali, upande wa pwani, vijana waliufikia kwa kuamka alfajiri, wazee walikaa nyumbani. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi hatusimamishi Ijumaa bila wanaume arubaini wakazi wa mahali, na Alhamdu ya kila mmoja iwe sawa. Mwenye kasoro anahesabiwa ikiwa alijitahidi akashindwa kweli. Ikiwa alizembea kujifunza, hahesabiwi. Na huyo aliyeshindwa kweli, hata akihesabiwa, hawezi kuwaongoza wenye kuweza. Atawaongoza walio kama yeye tu.

Oneni basi nilichowaletea. Kabla sijafika, kijiji kizima kilikuwa sawa, he kwa he, na sala yao nyuma ya Mzee Likwata haikuwa na neno. Nimekuja, nimewanyoosha wenzake mmoja mmoja, na kila niliyemnyoosha nilimtoa nyuma yake. Mzee alilijua hilo mapema kuliko mimi, na bado yeye ndiye aliyewaita waje kusoma.

Zikaletwa habari kwamba sheikh wa Lindi atakuja kuwasikiliza watu na kutoa ruhusa. Mzee alinichukua mpaka kwenye shamba lake la mihogo, akasimama mbele yangu na kofia mkononi. Alisema sheikh atamuuliza mwalimu, maana mwalimu ndiye shahidi.

"Ukiulizwa juu yangu, sema nimezembea," aliniambia.

Nilimwambia, "Mzee, hakuna mtu aliyesoma kama wewe."

"Najua. Sema nimezembea. Mzembe ana kesho, Mwalimu. Nitaambiwa nikasome, nami nitasoma. Lakini ukisema nimeshindwa, umefunga. Atakayesoma tena na mtu aliyeshindwa ni nani?"

Nikamuuliza kama arubaini haitatimia bila yeye. Akasema Ijumaa itasubiri mwaka. Amewasubiri watu hawa miaka mingi, nao wamsubiri mmoja.

Sheikh alikuja. Mngependa nimfanye mtu wa majivuno, lakini alikuwa mpole, mwenye kikohozi, na alikaa mkekani kama sisi. Baada ya adhuhuri aliwasikiliza wanaume wa kijiji. Alimsaidia aliyetetemeka, alicheka na Hamisi aliyesoma kama aliyezaliwa Makka, alimrudisha mmoja akanywe maji kwanza. Waliopita wakafika thelathini na tisa. Watoto na wageni hawakuhesabika, mimi nikiwa mmoja wa wageni. Akabaki Mzee Likwata.

Alisoma. Sheikh akamwomba arudie. Akasoma tena, taratibu, akibana koo mpaka mishipa ikasimama. Niliona wale wazee wenye miguu mibovu, waliokosa Ijumaa miaka nenda miaka rudi, wameinamisha vichwa wakihesabu ncha za mkeka.

"Umesoma kwa muda gani?" sheikh aliuliza.

"Nimezembea, sheikh," alisema Mzee. "Nilikuwa na ngoma."

Watu wakanyanyua vichwa. Sheikh akanigeukia mimi.

"Mwalimu, huyu amezembea, au ameshindwa?"

Nikamtazama Mzee. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake, ile mikono ya kukaza ngozi, aliyoiweka magotini kama vitu vya kuazima. Ingekuwa ni uongo mdogo. Ningeusema, wazee wale wangerudi nyumbani bila Ijumaa, naye angebaki na kesho yake, ile kesho ambayo mimi nilijua haina kitu ndani. Vidole vyangu vilikaa kwenye koo lile miezi mingi. Nilijua.

"Hakuzembea," nikasema.

"Ameshindwa?"

"Ameshindwa."

Sheikh akasoma dua, akasema arubaini imetimia, na Ijumaa ijayo Hamisi asimame mbele. Watu walilia kwa furaha, nao walikuwa na haki ya kulia. Wakamshika Mzee mkono mmoja mmoja, wakamshukuru, kwa sababu yeye ndiye aliyetimiza hesabu. Akawaitikia wote.

Ijumaa ilipofika, alikwenda kwenye kibla kabla ya watu, akaukunja mkeka wake mwenyewe, ule wa imamu, akautandika safu ya nyuma karibu na mlango, mahali pa wanaochelewa. Hamisi alisoma vizuri sana. Nilikuwa safu ya nyuma pia, pembeni ya Mzee, na kwa mazoea ya kazi macho yangu yalikwenda kwenye koo lake. Halikusogea. Midomo haikusogea. Alisimama, akarukuu, akasujudu, akatoa salamu kwa kugeuza kichwa tu.

Niliondoka wiki ile. Nikaenda Kinjumbi, nikaenda kwingine, nikafundisha wengine. Niliwahi kupata wanafunzi wazuri, sisemi sikupata. Lakini kila nilipomwona mtu amefumba macho akitafuta tofauti ambayo haimo ndani yake, nilisikia mchi umesimama.

Nilirudi chini ya Rondo mara moja tu, baada ya mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu kufunguliwa kule Nachingwea. Hamisi alikuwa wa kwanza kukimbilia huko, nikaambiwa anaendesha trekta na kuiga honi yake. Vijana wengi walimfuata. Arubaini ilivunjika zamani. Ijumaa haikuwepo tena, wazee walikaa nyumbani kama zamani, na sala za kila siku zilisalishwa na yule ndugu yake Mzee mvivu, akiwa macho.

Mzee Likwata alikuwa barazani. Ngoma mbili zilikuwa ukutani, ngozi zimelegea. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kigoda. Tulikaa. Baadaye aliniuliza jambo moja.

"Siku ile ya ming'oko. Ilikuwa kweli, au ulinionea huruma?"

"Ilikuwa kweli, Mzee. Mara mbili."

"Basi niambie ilikuwaje."

Nikaitamka ha, vizuri kadiri nilivyoweza, masikio yangu yakiwa yameanza nayo kuzibika. Nikamtamkia na he. Nikarudia. Alisikiliza macho yamefumba, kidole kimoja kimeinuka kidogo, kama yuko juu ya ngozi. Kisha akafumbua macho, akakishusha kile kidole, akaniuliza kama nimekula.

Nilipokwenda uani kumuaga Bi Asumini, nilimkuta kinuni. Alizeeka, lakini mkono ulikuwa ule ule. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama Mzee anasoma siku hizi.

"Tangu Ijumaa ile sijaisikia sauti yake kwenye sala," alisema. "Anainama, anainuka. Mimi natwanga."

Nikatoka nikashika njia ya Lindi. Ilikuwa baada ya alasiri, saa ile yetu ya zamani. Nyuma yangu nilisikia mchi ukianza, du, du, du. Nilikwenda polepole kwa makusudi, nikiusikiliza, nikisubiri usimame. Nilifika kwenye mihogo, nikafika kwenye mto, na mpaka masikio yangu yalipouacha ulikuwa bado unatwanga.